Gitare Iliyokatwa Bega

Ninyi mnaobaki nyuma ya meza ya kuuzia pale kwa Bwana Manueli, nimesikia mnasema kwamba magitare siku hizi yanajiuza yenyewe. Hayajiuzi. Gitare haina kinywa mpaka mtu aishike, na mtu hajui aishike ipi mpaka mwingine amwelekeze. Kwa miaka yangu yote ya kazi, huyo mwingine nilikuwa mimi. Kama yuko mtu hapa Kamina, tangu gare, pale stesheni ya gari-moshi, mpaka kwa mapadri, anayepiga solo na watu wakageuza shingo, mwulizeni nani alimchagulia gitare yake. Akitaja jina lingine, ama anadanganya, ama alinunua wakati mimi nilikuwa mgonjwa.

Sasa nimeacha kazi. Nina mashine yangu ya kusaga mahindi, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na mvi zimeanza kuniingia, ingawa mke wangu anasema ni unga wa mashine. Habari za mshahara sitaandika. Mshahara ulikuja, ukaenda, hatukupata kuzoeana. Nitaandika kazi yenyewe. Darasani sikukaa sana. Herufi nilianza kwa katekista, nikazimaliza kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya masanduku ya bidhaa. Kwa hiyo Kiswahili changu ni nusu cha katekisimu na nusu cha masanduku. Lakini watu nikiwaleta hapa waseme, nitawaacha waseme kwa kinywa chao, kama tunavyosema hapa kwetu.

Nilianzia kwenye njia ya reli, katika kundi la kapita mmoja, msimamizi wetu, Tata Banze. Mtu mfupi, miguu imepinda kama koleo, lakini njia aliyoinyoosha yeye ungeweza kuweka yai juu ya reli. Siku ya kwanza alinipeleka mbele, akanionyesha reli, akaniuliza:

“Unaona nini?”

“Naona reli, Tata.”

“Unaona reli. Hata mbuzi inaona reli. Minyi nakuuliza inapinda wapi.”

Sikuona popote ilipopinda. Akaniinamisha mpaka shavu langu likagusa chuma, na chuma kilikuwa cha moto. “Funga jicho moja. Reli inadanganyaka paka macho mbili, macho mbili tu. Jicho moja haiwezi kuidanganya.” Nikafunga. Na kweli, kule mbali, karibu na kichaka, ile reli ilitoka nje kidogo, kama mtu anayetaka kuhama mstari asionekane. Nikamwonyesha kwa kidole. Tata Banze hakunisifu. Alisema tu, “Kesho utaleta chumvi ya bukari.” Yaani nitakula ugali katika chungu kimoja nao; kwake yeye hiyo ilikuwa medali.

Huyu Tata Banze njo alikuwa mpiga solo wa kwanza wa Kamina. Siku ya Mungu, misa ikiisha, alikaa juu ya sanduku katika uwanja wa nyumba yake, mahali mke wake Mama Ngoie alipouza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Kyungu, rafiki yetu wa kufunga mabehewa, aligonga chupa kwa msumari. Mimi nilisindikiza, yaani nilipiga ile gitare ya chini inayorudia jambo moja tangu mwanzo mpaka mwisho, wakati solo inatembea juu yake. Tata Banze alinifundisha kwa maneno ya kazini, mataruma yanayobeba reli na mashinyi inayovuta mabehewa: “Kusindikiza njo mataruma. Solo njo mashinyi. Mataruma ikianza kukimbia, bote tutakufa.” Nilikuwa taruma zuri sana. Sijisifu, hata Kyungu alisema, na Kyungu hasifu mtu asiyemnunulia kinywaji.

Kwa Bwana Manueli niliingia kununua mafuta ya taa. Mteja mmoja alikuwa ameshika gitare, pesa imeshatoka mfukoni. Sikuombwa neno. Niliichukua mkononi mwake, nikaegemeza shavu kwenye kichwa cha gitare pale penye masikio ya kukazia nyuzi, nikafunga jicho moja, nikatazama shingo yote mpaka tumboni. Nikasema, “Inapinda hapa, karibu na tumbo.” Bwana Manueli, Mzungu mwenye duka, akawa mwekundu. Akachukua rula ya fundi cherehani, akailaza juu ya shingo, na mwanga ukapita chini ya rula mahali palepale nilipoonyesha. Mteja akarudisha pesa yake mfukoni. Nilidhani nitafukuzwa. Wiki iliyofuata Bwana Manueli alimtuma mtu aniite kazini. Alisema, “Afadhali weye upige kelele ndani, kwa faida yangu, kuliko upige kelele mlangoni.” Alikuwa mfanyabiashara.

Kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa kuyateremsha magitare. Yalining'inizwa juu, chini ya mabati, kati ya sufuria na taa, na wakati wa kipwa, mvua zinapokwisha na jua linakausha hata mate, mbao zilikuwa zinapasuka huku tunasikia. Niliyahamishia kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya vitambaa. Mkiyarudisha juu, vijana, nitakuja kuwateremsha ninyi. Na jambo jingine: gitare iliyoingia wakati wa mvua msiisifu kabla ya kipwa. Wakati wa mvua kila ubao una tabia njema. Kipwa njo kinaleta tabia yake ya kweli.

Sasa niwaambie kosa la watu wetu. Mtu wa kwetu alichagua gitare kama mama anavyochagua chungu. Anaigonga tumbo kwa kidole kilichokunjwa, anatega sikio, na ile inayojibu *buu* kwa sauti nene, njo anaichukua. Kwa chungu ni akili. Chungu kikisema *buu* hakina ufa. Lakini mpiga solo hapiki maharagwe. Ile *buu* ni sauti ya chini, na chini tayari kuna miguu ya wachezaji, kuna ngoma, kuna mimi ninayesindikiza. Solo inataka sauti kavu na nyembamba, ipite juu ya wote kama filimbi ya gari-moshi inavyopita juu ya soko.

Alikuja mtu mmoja kutoka Kabongo, shemeji wa mtu mkubwa kule, na ushemeji wenyewe aliutaja kabla ya salamu. Akagonga zote, akachagua ile yenye tumbo kuliko zote. Nikamwambia hii ni nzuri ya kuimbia kanisani. Akasema, “Minyi ni muntu ya kusikilika.” Nikamwomba tutoke nayo nyuma ya magazini, duka la Bwana Manueli. Pale nyuma mke wa mlinzi alikuwa anatwanga mihogo. Nikasema, “Piga solo yako hapa, Bwana Mkubwa.” Akapiga. Mama akatwanga. Nilimwona yule shemeji anapinda shingo, anasogeza sikio kwenye gitare yake mwenyewe, kama mtu anayetafuta mdudu ndani. Hakujisikia. Tangu siku ile kila gitare ya solo niliijaribu mbele ya kinu. Ikipita juu ya mchi, itapita juu ya arusi. Isipopita, muuzie mwalimu wa Wametodisti, na mtafurahi wote wawili, maana yeye anataka kufunika kwaya nzima kwa sauti nene, naye anasali vizuri, na halewi.

Mengine mnayajua, lakini niyaandike, maana mnasahau. Bonyeza waya katikati ya shingo, halafu bonyeza juu kabisa karibu na tumbo, usikie kama sauti ni ndugu au ni majirani tu. Tazama waya uko juu ya shingo kiasi gani. Msindikizaji anaweza kuvumilia nyuzi zilizo juu, anakaa mahali pamoja. Mpiga solo anakimbia, na mkimbiaji humvalishi viatu vya mgodini.

Basi, mwaka huohuo ambao jina langu lilianza kutembea mpaka Luena, reli iliteleza mikononi mwa watu ikaangukia mkono wa kushoto wa Tata Banze. Hospitalini waliuokoa mkono, lakini kidole cha pete na kidole kidogo vilibaki vimenyooka kama misumari. Havikunjiki tena. Kazini walimpa ulinzi wa vyombo. Katika uwanja wa Mama Ngoie wakaniambia mimi nikae juu ya sanduku la solo.

Nilikaa. Kwa nini nifiche, nilikaa vizuri. Mtu mwingine akawa anasindikiza, nami nikawa mashinyi. Wanawake walikuwa wanatunza noti kwenye kola yangu, na Kyungu alianza kuniita “Patroni” kwa dhihaka, kisha dhihaka ikaisha akabaki na mazoea. Tata Banze alikaa kando, karibu na ua, akichota munkoyo kwa wateja. Akifikisha kikombe alikuwa anasimama kidogo nyuma yangu. Nilimsikia anapumua.

Mama Ngoie, ambaye nilipoanza reli nililala na kula kwake, alinisimamisha sokoni kwa habari za mumewe. “Kazadi, baba yako anakula bukari kama muntu anakula dawa. Anafunga macho, anameza. Jana namuuliza, kuko nini? Anasema, hakuna kintu. Muntu ya vile akisema hakuna kintu, kuko kintu.”

“Mama, vidole havikunjiki.”

“Minyi nilikuuliza ya vidole?”

Siku chache baadaye Tata Banze aliingia magazini, amevaa koti la misa. Nilimsalimu kwa Kiluba, kama inavyopasa kumsalimu mkubwa: “Wakomapo, Tata.” Akajibu, “Eyo, vidye.” Akatazama ukuta. “Nataka gitare ya solo. Banasema weye njo unajua.”

Banasema. Mtu aliyenifundisha jicho.

Palikuwa na gitare kubwa nyeusi, inang'aa kama kiatu cha wakili, na duara jeupe la gamba la kombe kuzunguka tundu. Ilikuwa nzuri ya kupiga picha. Tata Banze akaiteremsha, akaigonga tumbo. *Buu.* Uso wake ukafunguka. Nilikuwa sijauona uso ule tangu ajali. “Hii inanitosha,” akasema. “Funga.”

Sasa nisikilizeni. Niliijua ile gitare. Shingo yake nene kama mpini wa jembe, nyuzi ziko juu, na juu ya shingo hakuna njia ya kupita, tumbo limeziba. Mtu wa vidole viwili asingefika mwisho wa wimbo mmoja. Angejaribu siku ya Mungu moja, labda mbili, kisha angeitundika ukutani, aendelee kuchota munkoyo. Sanduku la solo lingebaki kwangu mpaka nizeeke. Na hakuna mtu Kamina angeweza kusema neno, maana mteja alichagua mwenyewe, kwa mkono wake.

Lakini watu wangeuliza: ile gitare iliyomshinda Banze, nani alimchagulia? Kiti nilikipenda. Jina langu nililipenda zaidi.

“Siifungi,” nikasema.

“Unasema?”

“Siifungi, Tata. Iko moja nyuma.”

Nyuma palikuwa na gitare ndogo ya rangi ya karanga, iliyokuja kutoka kusini katika sanduku la mchanganyiko. Bega lake moja lilikuwa limekatwa, pale tumbo linapokutana na shingo, kama mtu ameling'ata. Hakuna aliyeitaka. Walisema ni kilema, au imeliwa na panya njiani. Bwana Manueli alikuwa tayari kumpa yeyote atakayenunua cherehani. Nikaileta, nikaiweka juu ya meza.

Tata Banze hakuigusa. Aliitazama, akautazama mkono wake, akanitazama mimi.

“Mukono ya kilema, gitare ya kilema,” akasema polepole. “Weye Kazadi. Bukari yangu ulikula. Mu nyumba yangu ulilala. Leo unanicheka mbele ya Muzungu.”

“Sikucheki, Tata. Haikukatwa na panya. Ilikatwa na fundi, juu mukono ipite.”

“Nani alikwambia?”

“Jicho moja.”

Akaitazama tena, safari hii kwa jicho moja. Nikasema, “Tupeleke zote mbili kwenu. Mama atwange. Ile itakayopita juu ya kinu, njo utachukua. Kama ni ile kubwa, nitaibeba mimi kichwani mpaka kwako, na nitapiga kelele njiani kwamba sijui magitare.”

Hilo alilipenda. Hata Bwana Manueli alilipenda, akaniruhusu kutoka.

Lakini kwanza, kabla ya kutoka, nilifanya kazi yangu. Nilikuwa nimeiwazia kazi ile tangu Mama Ngoie aniseme sokoni. Mtu wa vidole vinne anapiga solo kwa upana: vidole vinashuka na kupanda kwenye nyuzi, mkono umekaa. Mtu wa vidole viwili hawezi upana. Lazima apige kwa urefu, ateleze juu ya shingo kama toroli ya reli, juu mpaka mwisho, na arudi. Kwa hiyo anataka shingo nyembamba iliyonyooka, nyuzi zilizolala chini, na pale juu bega lisimzuie. Nikaitazama ile ndogo kwa jicho moja: imenyooka. Nikalegeza nyuzi, nikatoa ule mfupa mdogo unaozibeba karibu na tundu, nikausugua juu ya jiwe la kunolea kisu, kidogo kidogo, nikirudisha na kujaribu. Ukizidisha, nyuzi zinakoroma kama mlevi. Sikuzidisha.

Uwanjani Mama Ngoie alikuwa na mahindi kwenye kinu. Kyungu alikuwepo, kama kawaida yake mahali penye munkoyo. Tata Banze akaanza na ile kubwa. Mama akatwanga. Tata Banze akakaza, jasho likamtoka, kidole kikamponyoka.

“Mama, unaisikia?” nikauliza.

“Nasikia paka kinu yangu.”

Akachukua ile ndogo kama mtu anayepokea mtoto wa jirani. Akaweka vidole vyake viwili. Mwanzo alitafuta upana, kwa mazoea, akakosa. Nikamwambia, “Tata, usitafute pembeni. Tembea mu reli.” Akatelezesha. Akapanda. Alipofika pale bega lilipokatwa, mkono wake haukugonga kitu, ukaendelea, mpaka kule juu kabisa ambako sauti ni ndogo kama punje. Akashtuka mwenyewe. Akarudi chini, akapanda tena.

Mama Ngoie alikuwa bado anatwanga, kwa nguvu zaidi, maana alikuwa mwanamke wa haki, hakutaka kumsaidia mume. “Ile inaniingia mu masikio kama mbu,” akasema.

“Mbu njo solo,” Kyungu akasema. “Tembo haiimbake.”

Tata Banze hakucheka. Aliendelea kupiga mpaka mahindi yakawa unga, na unga ukawa unga sana. Mama Ngoie akasema jioni bukari itakuwa laini kama ya wagonjwa. Tata Banze akala, na siku ile, Kyungu aliniambia, hakufunga macho.

Ile kubwa nilimuuzia mwalimu. Anayo mpaka leo, na kwaya inamshukuru.

Siku ya Mungu iliyofuata nilifika uwanjani mapema, gitare yangu mgongoni. Sanduku la solo lilikuwa mahali pake. Watu walikuwa wameshajaa. Tata Banze akatoka ndani na ile iliyokatwa bega, akasimama karibu na ua, mahali pake pa kuchota. Hakuwa mtu wa kuomba. Kyungu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akageuza chupa yake kuangalia kama imeandikwa kitu.

Ningeweza kukaa. Nilikuwa na haki ya kukaa, nilikaa pale kipwa kizima na mvua zake. Nikavuta kiti cha chini, kile cha msindikizaji, nikakaa, nikaanza kupiga yale yale ya kurudia, polepole, kama mataruma yanayomngoja mwenyewe. Tata Banze akaja akakaa juu ya sanduku. Alisikiliza kidogo, kisha akaingia. Alianzia chini, akapanda, akaenda kule juu ambako mimi kwa vidole vyangu vyote vinne sikuwahi kufika kwa sababu sikuwahi kuhitaji. Wanawake wakainuka. Noti zikatoka. Zote zilipita juu ya kichwa changu.

Wimbo ulipoisha aliinama kwangu, akanong'ona: “Weye ulijua?”

“Nilijua, Tata.”

“Ya kwamba utakaa pale chini?”

“Nilijua.”

Akafikiri. “Basi sindikiza muzuri,” akasema, “na usikimbie.”

Nimesindikiza tangu siku ile mpaka sasa. Walikuja wapigaji kutoka Luena na Kabongo kumwona mzee wa vidole viwili, walisimama midomo wazi, na wakati wa kunywa waliulizana nani aliyemchagulia gitare ya namna ile. Mimi nilikuwa palepale, chini kidogo, kiti cha pili, mkononi nina gitare ya kusindikiza. Mtu mwenye adabu angengoja mwingine amtaje.

Sikungoja.